Hofu Isiyo na Mshtakiwa

Katika kundi letu la maigizo hapa Lubumbashi, nchini Kongo, mgeni hufundishwa mwiko mmoja kabla hajaonyeshwa mahali pa kuweka mkoba wake: ndani ya ukumbi hatupigi mluzi. Awe mwigizaji, fundi wa taa au ndugu aliyekuja kutuletea maji, mluzi anauacha mlangoni. Watu wa jukwaa wa nchi nyingi husimulia kwamba zamani, katika kumbi za Ulaya, kamba za kupandisha na kushusha mandhari zilishikwa na watu waliozoea kazi ya merikebu, nao walipeana ishara kwa mluzi. Aliyepiga mluzi ovyo angeweza kumshushia mwenzake gogo kichwani. Ukumbi tunaoutumia sisi hauna kamba za namna hiyo. Pazia letu linavutwa kwa mkono juu ya waya mmoja, na mandhari yetu ni viti, meza na vitambaa. Hata hivyo mwiko umebaki, na mimi ninayesimamia jukwaa ndiye ninayeulinda, na ninaulinda kwa moyo wote.

Nimekuwa nikiufikiria mwiko huo pamoja na jambo jingine ambalo wenzangu wengi hawaelewi kwa nini linanivutia, yaani vipindi vya televisheni vya kuwinda mizimu, ambavyo hutufikia kwa satelaiti vikiwa vimewekewa sauti za Kifaransa. Naamini mambo haya mawili yanavutia kwa sababu moja, na kwamba sababu hiyo inaonekana wazi zaidi kwa mtu aliyekulia katika mji kama wetu kuliko kwa wale waliovitengeneza vipindi hivyo.

Nianze na jukwaa. Kwa kuwa tulijifunza maigizo kupitia shule za Kifaransa, miiko iliyotufikia kwanza ni ya Ufaransa. Hatuvai maleba ya kijani. Tunaambiwa kwamba Molière, mwandishi na mwigizaji maarufu wa Ufaransa, alivaa kijani alipoigiza kwa mara ya mwisho, tarehe 17 Februari 1673, katika onyesho la nne la mchezo wake juu ya mtu anayejidhania mgonjwa. Alizidiwa akiwa jukwaani, akamaliza onyesho kwa shida, akafia nyumbani usiku ule ule. Habari ya rangi ya nguo zake ni hadithi tu, lakini kijani chenyewe kilikuwa na hatari za kweli, kwa kuwa rangi za zamani zilitengenezwa kwa shaba, na ile iliyobuniwa na mkemia Scheele mwaka 1775 ilikuwa na aseniki, sumu inayomdhuru mtu kupitia ngozi na pumzi. Neno la kamba halitamkwi jukwaani, na kabla ya onyesho hatutakiani heri. Tunaambiana lile neno chafu la Kifaransa, na anayeambiwa hajibu asante. Haya yote nayapita haraka, kwa sababu mwiko unaonigusa zaidi unatoka Uingereza.

Mwiko huo ni wa Macbeth, mchezo wa Shakespeare unaotokea Uskoti. Mwigizaji wa Kiingereza halitaji jina hilo ndani ya ukumbi nje ya maneno ya mchezo wenyewe. Husema tu mchezo wa Uskoti. Ziko hadithi nyingi za laana yake. Inasemekana kwamba katika onyesho la kwanza, mwaka 1606, kijana aliyeandaliwa kuigiza nafasi ya mke wa Macbeth aliugua na kufa; hadithi hiyo ilibuniwa na mhakiki Max Beerbohm karibu miaka 300 baadaye. Mengine yalitokea kweli. Tarehe 10 Mei 1849, mjini New York, mashabiki wa mwigizaji wa Kimarekani Edwin Forrest waliizunguka Astor Place Opera House, ambako Mwingereza William Macready alikuwa akiigiza Macbeth, askari wakafyatua risasi, na watu wasiopungua 22 wakafa. Mwaka 1937, ukumbi wa Old Vic wa London ulipokuwa ukiuandaa mchezo huo na Laurence Olivier, Lilian Baylis aliyeuongoza ukumbi huo alifariki. Mchezo unaochezwa kwa zaidi ya miaka 400, wenye mapigano ya panga na matukio mengi ya gizani, hauwezi kukosa misiba yake.

Ninachokipenda katika mwiko huu ni dawa yake kuliko laana. Aliyelitaja jina hutoka nje, huzunguka mara tatu, hutema mate au hutukana, kisha hubisha hodi na kuomba ruhusa ya kuingia tena. Taratibu hutofautiana kutoka ukumbi hadi ukumbi, lakini mlango upo katika karibu zote: mwenye kosa anatoka, anaomba, anaruhusiwa. Sijawahi kusikia simulizi la mtu aliyeachwa nje. Na muda wote huo hauzidi ule wa kufunga kamba za viatu.

Sisi tumeichukua dawa hiyo na kuitumia kwa mluzi. Jioni moja ya mazoezi, kijana mmoja mwenye furaha ya kupewa nafasi yake ya kwanza alipita nyuma ya pazia akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Kazi ilisimama. Alitoka uani mwenyewe bila kusukumwa, tukamsikia akizunguka juu ya changarawe, kisha akagonga bati la mlango. Papa mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akauliza kutoka ndani, «Ni nani huyo?» Kijana akajibu, «Ni mimi, Papa, naomba kuingia.» Papa akasema, «Ingia, mwana, nafasi yako inakungoja.» Akaingia, akapokea kitambaa chake, tukaendelea pale tulipoishia. Kabla ya saa kwisha umeme ulikatika, kama unavyokatika mara kwa mara katika mji huu, na katika giza lile hakuna aliyegeuka kumtafuta yule kijana kwa maneno. Kosa lake lilikuwa limekwisha kuondolewa mbele ya wote. Mtu anayejua namna balaa linavyopokelewa katika nyumba zetu ataelewa kwa nini jambo hilo lilinitikisa kuliko onyesho lenyewe.

Kuna pia taa. Katika kumbi nyingi za dunia, hasa za Marekani, watu wakishaondoka huachwa balbu moja juu ya kinguzo katikati ya jukwaa, ikiwaka usiku kucha. Wengine husema inawaangazia mizimu wa ukumbi ili wapate kuigiza michezo yao. Wengine husema inamwepusha mfagiaji wa alfajiri asitumbukie kwenye shimo la wanamuziki. Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid ulipozifunga kumbi, nyingi zilizikuza taa hizo kuwa alama ya kungoja. Kwetu balbu haiwezi kutegemewa, kwa hiyo natumia taa ya kuchaji, ambayo naiweka juu ya kiti cha plastiki kwenye ukingo wa jukwaa, mahali ambapo mbao zinaishia ghafla na sakafu ya saruji iko chini kwa kimo cha mtoto. Sijali kama mtu anaiita ya mizimu au ya wafagiaji. Taa hiyo na mwiko wa mluzi vinafanana katika jambo hili: vyote viwili vinamlinda mtu aliye hai, na hakuna anayeshtakiwa ili ulinzi huo upatikane.

Sasa televisheni. Kuwinda mizimu mbele ya umma kulianza kabla ya televisheni kuenea majumbani. Mwaka 1936, Mwingereza Harry Price, aliyejulikana kwa kuchunguza nyumba zenye sifa mbaya, alitangaza moja kwa moja kupitia redio ya BBC kutoka nyumba moja ya zamani huko Kent, na wasikilizaji wakakaa majumbani mwao wakisikiliza ukimya. Tarehe 31 Oktoba 1992, BBC ilionyesha mchezo uliotengenezwa kwa sura ya matangazo ya moja kwa moja kutoka nyumba yenye mzimu, ukiongozwa na mtangazaji maarufu Michael Parkinson, na watazamaji wengi wakaamini kwamba ni kweli. Mwaka 1994 jarida la kitabibu la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya wavulana wawili wa miaka 10 waliopata mshtuko wa akili baada ya kuutazama. Kisha vikafuata vipindi vya mfululizo: Most Haunted wa Uingereza mwaka 2002, na Ghost Hunters wa Marekani mwaka 2004, ambao viongozi wake, Jason Hawes na Grant Wilson, walikuwa mafundi bomba.

Ufundi huo ndio ulionifanya nikae chini nitazame. Kabla ya kusema lolote juu ya wafu, mafundi hawa hushuka kwenye chumba cha chini, hugusa mabomba, hufungua na kufunga mlango uliosemekana kujifunga wenyewe, na mara nyingi humwambia mwenye nyumba kwamba mlio anaousikia ni maji yanayogonga bomba. Halafu taa huzimwa, kamera za kuonea gizani huwashwa, na sisi tunaotazama tunaingia katika kazi halisi ya kipindi, ambayo ni kungoja. Dakika nyingi hupita bila tukio. Mtu anaketi kwenye ngazi na kusema kwa sauti ya chini, «Kama uko hapa, gonga.» Sebuleni mwetu hata watoto huacha kutafuna, na kila mmoja anakuwa mpelelezi, kwa sababu sikio lake lina haki sawa na la mtaalamu.

Tulikuwa tukitazama hivyo, mimi na mdogo wangu, Mama alipoingia na beseni la mboga, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Alitazama kwa muda bila kusema. Kisha akauliza, «Sasa hawa wanamtafuta nani?» Mdogo wangu akamwambia kwamba wanautafuta mzimu, Mama. «Huo nimeelewa. Nauliza mtu. Nani ameuleta ndani ya nyumba ya watu?» Tulimweleza kwamba hakuna aliyeuleta, kwamba inasemekana mtu alifia pale zamani, naye bado anatembea. Mama alikata majani machache, akauliza tena kama mwishoni kuna mtu atakayefukuzwa. Tulipomjibu hapana, alivuta kiti karibu, akatazama hadi mwisho. Tangu jioni ile ndiye anayetukumbusha saa ya kipindi.

Swali la Mama ndilo swali la mji wetu. Hapa kwetu hofu ya vitu visivyoonekana karibu haiji peke yake. Inakuja na jina la mtu. Wakati wa ukoloni watu wa Katanga, eneo letu hili, waliogopa mutumbula, mtu aliyesemekana kutumwa na Wazungu kukamata watu usiku, na hofu hiyo ilimwangukia mtu yeyote aliyeonekana njiani saa zisizo za kawaida. Mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki ambaye picha zake zilizochorwa na wachoraji wetu zilining'inia sebuleni mwa wengi miaka ya 1970, alisemekana kutoa utajiri kwa masharti, na kwa hiyo kila aliyefanikiwa aliulizwa kimoyomoyo alikubali masharti gani. Na leo, mtoto akifariki au kazi ikipotea, familia huanza kuhesabu waliomo ndani: shangazi mjane, mzee anayezungumza peke yake, mtoto yatima anayekojoa kitandani. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto, ambayo inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi, na bado wako watoto wanaolala sokoni kwa sababu ya usiku mmoja wa maombi uliowataja. Nimetazama pia vipindi vya makanisa ambamo mtu analetwa mbele ya kamera ili akiri. Muziki ni ule ule wa vipindi vya mizimu, giza ni lile lile, na watazamaji wanangoja kwa namna ile ile. Tofauti ni kwamba kipindi kikiisha kuna binadamu mwenye jina na uso ambaye hawezi tena kurudi katika mtaa wake.

Kwa hiyo ninaposema kwamba kuwinda mizimu kunavutia, sisemi kwamba naamini yanayopatikana. Kifaa kinacholia mkononi mwa wawindaji kinapima nguvu za sumaku zinazotoka kwenye umeme, na katika mitaa yetu, ambako nyaya zimeungwa kwa mkono na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki, kingelia katika kila nyumba. Sauti za wafu kwenye kanda zilianza kuvuma baada ya Friedrich Jürgenson, aliyekuwa akirekodi ndege nchini Sweden mwaka 1959, kudai kwamba alisikia watu wakizungumza. Msomi wa Latvia Konstantin Raudive akakusanya maelfu yake. Lakini sikio la binadamu limeumbwa kutafuta maneno hata ndani ya upepo, hasa likiwa limeambiwa mapema litasikia nini. Mwaka 2005 mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, Ofcom, ilipopokea malalamiko juu ya Most Haunted, iliamua kwamba kile ni kipindi cha burudani, si uchunguzi wa kweli. Nakubaliana nayo kabisa.

Lakini njia ya kuuliza, yaani kuchunguza mahali kabla ya kumchunguza mtu, imewahi kuzaa majibu. Mhandisi Mwingereza Vic Tandy alikuwa akifanya kazi katika maabara iliyosemekana kuwa na mzimu. Usiku mmoja alihisi baridi na woga, akaona umbo la kijivu pembeni mwa jicho lake. Kesho yake, upanga wake mwembamba wa michezo, alioubana kwenye jiliwa ili aurekebishe, ulianza kutetemeka bila kuguswa. Alifuatilia, akagundua kwamba feni mpya ya kutoa hewa ilikuwa ikitoa mawimbi ya sauti ya takriban hezi 19, ya chini mno kwa sikio kuyasikia, lakini yenye uwezo, kwa maoni yake, wa kuusumbua mwili na jicho. Feni iliporekebishwa, mzimu ukaondoka. Aliyachapisha hayo mwaka 1998, na wataalamu bado wanabishana juu ya nguvu ya mawimbi hayo. Mimi nastaajabia tu kwamba mtu aliyeogopa kiasi kile alikwenda kutafuta feni.

Habari ya pili ndiyo ningependa ihubiriwe Lubumbashi nzima. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika juu ya familia iliyohamia katika nyumba kubwa ya zamani na kuanza kusikia hatua, kuona watu wasiokuwapo, kuumwa kichwa, huku hata maua yakinyauka. Chanzo kilikuwa tanuru bovu la kupashia nyumba joto, lililokuwa likimwaga ndani monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapobana, ni familia ngapi hapa kwetu huingiza chumbani mbabula, yaani jiko la mkaa, na kufunga dirisha? Hewa ni ile ile. Inaleta kizunguzungu, maruweruwe, kisha kifo, na kwa kuwa haionekani wala hainuki, kilio kikishapigwa watu huanza kuuliza ni nani kati ya ndugu aliyelala nyumba ile bila kufa. Aliyenusurika kwa sababu tu kitanda chake kilikuwa karibu na mlango anakuwa mshtakiwa.

Iko hoja moja dhidi ya vipindi hivi ambayo siwezi kuijibu, nayo niliipata kwa yule Papa wa kundi letu. Anasema wawindaji hawa wanaingia magerezani na hospitali za wagonjwa wa akili, mahali ambapo watu waliteseka kweli, na baadhi yao huwatukana wafu kwa makusudi ili wajitokeze. Ni kweli, nimewaona wakifanya hivyo, nami huzima televisheni. Marehemu haitwi kwa matusi. Kama hakuna anayesikia, tusi hilo linamfundisha mtazamaji ukatili. Na kama yupo, sijui watamwomba radhi kwa njia gani.

Ndiyo maana ninatamani kipindi cha namna hii kitengenezwe na watu wa hapa, kwa Kiswahili cha hapa. Hatuanzi kutoka patupu: kundi la maigizo la Mufwankolo lililizoesha jimbo hili kuyaona maisha ya nyumbani yakiigizwa kwa Kiswahili cha Katanga, redioni na kwenye televisheni, kwa miongo mingi. Ningechukua fundi bomba, fundi umeme, muuguzi na mwigizaji mmoja mwenye umri, na ningeweka masharti mawili: asitajwe mtu aliye hai, na marehemu asalimiwe kabla ya kuulizwa. Wengine wangetaka tuanze na jengo la 30 Juin, ambalo lilijengwa miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa michezo na baadaye likawa la bunge, kwa sababu ni kubwa na lina historia ndefu. Mimi ningeanza na nyumba ya kawaida ya vyumba viwili, mwezi wa saba, yenye familia inayosema kwamba usiku kuna mtu anayekaa kifuani mwao, na kabla ya kamera kuwashwa ningemwomba muuguzi aangalie mbabula imewekwa wapi.